Mafarisayo Nao Walikuwa na Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza kwa kufukuza mbuzi. Chuo chetu cha Biblia kipo nje kidogo ya mji wa Bariadi, upande ambao mashamba ya pamba yanaanza kabla nyumba hazijaisha, na wakati ule darasa la pili halikuwa na mlango. Mbuzi wa jirani walikuwa wameligeuza zizi lao mwisho wa juma. Nikawatoa, nikafagia, nikaandika ubaoni "Agano Jipya: Utangulizi", kisha nikakaa kuwasubiri wanafunzi, ambao nao walikuwa nje wakisubiri mbuzi watoke. Ndivyo nilivyoingia katika ualimu.

Ninyi mnaobaki chuoni mmeniuliza mara kadhaa habari za vile vitabu vya sheria za Kiyahudi nilivyoviacha kwenye kabati la ofisi. Mlitaka kujua kwa nini mwalimu wa Agano Jipya, tena katika nchi ya Wasukuma, alihangaika navyo mpaka anastaafu. Kila mara nilijibu kwa kifupi kwa sababu kengele ilikuwa inalia. Sasa kengele hainihusu tena.

Aliyenitia katika jambo hili ni Mwalimu Kabula. Alikuwa amenitangulia chuoni kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mrefu wa Lalago, na sauti yake ya chini ililifanya darasa zima liiname mbele ili limsikie. Alifundisha Agano la Kale na Kiebrania kidogo, kile ambacho yeye mwenyewe alikiita "Kiebrania cha kuombea maji". Juma langu la pili alikuja akakaa nyuma ya darasa langu bila kusema neno. Somo lilikuwa Mafarisayo, nami nilikuwa nimepamba moto, wanafunzi wanacheka na kuandika. Baadaye tukinywa chai akaniuliza:

"Mwalimu Shija, hao watu walikuwa wanakula nini?"

"Akina nani?"

"Mafarisayo. Umewasema kipindi kizima. Walilima? Walifuga? Mke wa Farisayo akiibiwa kuku, alikwenda kushtaki kwa nani?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui vizuri," akasema, akanimiminia chai. "Lakini mtu usiyejua anakula nini, huwezi kujua anabishania nini."

Kesho yake akaniletea kitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza, kurasa zake za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ilikuwa Mishna, mkusanyo wa hukumu na mabishano ya walimu wa zamani wa Kiyahudi, marabi, ambao wasomi wengi huwaona kuwa warithi wa Mafarisayo. Nilitegemea kukuta sala. Nikafungua katikati, nikakuta ng'ombe.

Sitanii. Kulikuwa na sehemu nzima juu ya ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe wa mwenzake, mnyama aliyeingia shambani akala mazao ya mtu, shimo lililoachwa wazi, na moto uliowashwa upande huu ukavuka mpaka. Mimi nimezaliwa Ipililo. Kesi za namna hiyo ndizo nilizokua nikizisikia uwanjani kwa baba yangu kila msimu, wazee wakibishana mpaka togwa inakwisha. Nilisoma nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa upande wa pili wa chumba na sikutaka kuacha ukurasa.

Hapo ndipo nilipoanza kugawa ubao mara tatu, jambo ambalo baadhi yenu mmenicheka. Kushoto niliandika Injili inasema nini. Katikati niliandika marabi wanasema nini juu ya jambo lilelile. Kulia niliandika neno moja tu, "Kwetu", na sehemu hiyo walijaza wanafunzi. Tulipofika kwa ng'ombe anayepiga pembe, marabi wanatofautisha ng'ombe ambaye hajazoea kupiga na yule ambaye mmiliki wake ameshaonywa juu yake mara kadhaa. Mwanafunzi mmoja kutoka Maswa akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu wazee wanauliza hivyohivyo. Swali la kwanza: huyu amewahi kupiga?" Darasa zima likaanza kuzungumza kwa pamoja, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, nami nikakaa chini nikasikiliza. Sikuwahi kupata darasa la namna ile kwa kufundisha nyaraka za Paulo.

Niwaambie na upande wa tahadhari, maana nimeona vijana wakikimbia na jambo hili kama ndama aliyekata kamba. Mishna iliandikwa baada ya Injili. Talmud, ambayo ni mjadala mrefu juu ya Mishna, ilikuja baadaye zaidi. Usisimame mbele ya watu ukasema Yesu alikuwa anajibu ukurasa fulani wa Talmud, kwa sababu ukurasa huo haukuwepo. Unachoweza kusema ni kwamba mabishano yalikuwepo, na kwamba Injili na vitabu vya marabi vimetunza sauti kutoka nyumba moja. Mwalimu Kabula alinipa swali la kujilinda nalo, na mimi nawapa ninyi: kabla ya kuuliza watu hawa wanatofautiana wapi, uliza wanakubaliana nini kiasi cha kuona jambo hilo linafaa kubishaniwa. Watu hawagombanii kitu wasichokijali.

Haikupendeza kila mtu. Katika kikao cha bodi mzee mmoja wa kanisa aliuliza, kwa upole mkubwa, kama lengo la somo ni kuwatahiri wanafunzi. Nikajibu kwamba lengo ni kuwafanya wasome Luka bila kusinzia. Bodi ikaniruhusu niendelee "kwa uangalizi". Ule uangalizi sikuuona tena mpaka nastaafu, na nadhani upo kwenye kumbukumbu za vikao hadi leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa nataka mlijue.

Tulikuwa na mwanafunzi aitwaye Masunga, kijana wa Mwandoya, wilaya ya Meatu. Alikuwa hodari wa mistari ya Biblia. Alikuwa na mstari wa kila mtu, kama fundi mwenye spana ya kila nati. Baba yake, Mzee Luhende, alikuwa mshika Sabato wa siku nyingi. Masunga alihamia kanisa la Jumapili alipokuwa sekondari, na tangu hapo wawili hao walikuwa wanasalimiana kwa heshima na kuzungumza juu ya mvua. Habari nyingine hawakuwa nayo.

Wakati wa mafunzo ya vitendo nilikwenda Mwandoya kumkagua Masunga akihubiri. Nilifika Ijumaa jioni, wakanikaribisha nilale kwao. Kabla jua halijazama mama yake, Mayu Nkwimba, alikuwa ameshapika chakula cha kesho yake na kukifunika, na Mzee Luhende ameshafungia majembe stoo. Nilikuwa nimesoma kwa miaka jinsi siku ya Sabato inavyoingia katika nyumba. Sikuwahi kuiona. Mzee alisimama mlangoni akatazama jua linazama kama mtu anayempokea mgeni aliyemtegemea. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, nikajizuia, kwa kuwa uso wake haukuwa wa kuulizwa.

Jumamosi asubuhi, wazee wakiwa kanisani, maksai wao mmoja alitumbukia shimoni. Maksai huyo aliitwa Serikali, kwa sababu, kama alivyonieleza Mzee, alikwenda polepole lakini harudi nyuma. Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya boma. Masunga ndiye aliyelichimba likizo iliyopita, akifyatua tofali za nyumba anayotaka kujenga. Lilikuwa refu kupita mtu mzima, kuta zimesimama wima, na lilikaa chini ya mteremko. Siku za kulima zilikuwa zimewadia. Maksai asiye na mwenzake halimi.

Majirani walikuja na kamba. Masunga alikuwa ameshavua shati, anafunga kitanzi, pale Mzee Luhende alipotokea na koti lake la ibada, Biblia kwapani.

"Acheni," akasema.

"Baba, tunamtoa. Dakika chache tu."

"Ameumia?"

Masunga akachungulia. "Hajaumia. Lakini hawezi kupanda."

"Basi jua likizama tutamtoa."

Akaweka Biblia juu ya kinu, akaenda kwenye rundo la majani yaliyokatwa jana yake, akabeba mzigo mkononi akauangusha shimoni taratibu ili usimshtue mnyama. Kisha akashusha ndoo ya maji kwa kamba. Serikali akanywa. Mzee akasimama kando na fimbo yake.

Masunga alikuwa anapumua kwa nguvu. Nilijua kinachokuja, kwa sababu mstari ule nilikuwa nimeufundisha mimi.

"Baba, Yesu mwenyewe aliwauliza. Luka kumi na nne. Ni nani kwenu ambaye ng'ombe wake akiangukia kisimani siku ya Sabato hatamvuta?" Alipaza sauti ili na majirani wasikie. "Walishindwa kumjibu!"

Mzee Luhende hakupaza sauti. "Naijua. Niliisoma kabla hujazaliwa. Na wewe, Kutoka ishirini na moja unaijua? Mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe akatumbukia, nani analipa?"

Akaelekeza fimbo shimoni.

"Hili shimo kalichimba nani, Masunga?"

Majirani wakacheka. Mmoja aliinama akijifanya anafunga kiatu. Masunga alibadilika rangi, akanigeukia mimi. "Mwalimu, mwambie."

Wenzangu, mnaweza kusahihisha mitihani miaka yote msikutane na mtihani wa namna hiyo. Nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimekula chakula cha mzee. Mstari wa kijana ulikuwa sahihi, na alikuwa anampiga nao baba yake mbele za watu. Nikaona nimuulize mzee badala ya kumwambia.

"Mzee, si hata mchungaji wenu angeruhusu?"

"Angeruhusu. Alishaniambia zamani kwamba si dhambi." Akatazama zile kamba. "Mchungaji hana ng'ombe, Mwalimu. Wala hajawahi kuwa mlevi."

Kisha akasema, si kwangu hasa, akiangalia shimoni: "Nilikuwa nauza ng'ombe mnadani, Jumamosi. Narudi Jumapili, au Jumatatu, mikono mitupu. Mama yako huyu anajua. Siku hii ndiyo iliyonitoa kule. Niliambiwa: leo hununui, huuzi, huvuti, hubebi, kaa. Nikakaa. Watu hawa wote wakianza kuvuta hapa na kupiga kelele, mimi nitashika kamba. Najijua. Nikiishika leo kwa Serikali, keshokutwa nitaishika kwa jambo lingine."

Masunga hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Nilimwona. Kitanzi kilikuwa bado mkononi mwake, akawa anakifungua taratibu bila kujua anafanya nini.

Hapo ngurumo ikapiga. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mashariki tangu asubuhi, na sasa yalikuwa meusi kabisa. Kila mtu pale aliangalia mteremko. Mvua ikinyesha, maji yote ya uwanja yangeingia shimoni. Mzee Luhende aliangalia pia.

"Mzee," nikasema, "kuna watu waliwahi kubishana juu ya jambo hili hili."

"Watu gani?"

"Walimu wa Kiyahudi wa zamani. Walishika Sabato kuliko sisi wote hapa. Waliuliza: mnyama akitumbukia kwenye mfereji wa maji siku ya Sabato, tufanye nini? Mmoja akasema, mpe chakula palepale alipo, asife, mpaka siku iishe."

"Ndicho nilichofanya."

"Ndicho ulichofanya. Mwingine akasema, mletee mito na matandiko, uyaweke chini yake. Akipanda mwenyewe, amepanda."

Mzee akanigeukia. "Mito ya kulalia?"

"Ya kulalia. Wakaja wengine baada yao wakauliza, sasa tumfuate yupi? Wakasema: kama chakula kinatosha kumweka hai, mpe chakula. Kama hakitoshi, weka matandiko. Kwa sababu uchungu wa kiumbe chenye uhai ni jambo ambalo Mungu mwenyewe analiangalia."

"Hao ni akina nani? Wana jina?"

"Marabi. Mafarisayo ndio waliowatangulia."

"Mafarisayo hawa hawa tunaowasoma?"

"Hawa hawa."

Mzee Luhende alichungulia tena shimoni. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia kwenye mkono, akalitazama.

"Basi walikuwa na ng'ombe," akasema.

Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya Mishna, na nimesoma mengi.

Akavua koti. Akaenda mwenyewe kwenye mabua ya mtama yaliyokuwa yamefungwa matita kwa ajili ya paa, akainua tita la kwanza akaliangusha shimoni, upande wa chini ambako ukuta ulikuwa mfupi kidogo. "Kulisha nimelisha tangu asubuhi," akawaambia majirani, kana kwamba wamemuuliza. "Hiki nacho ni chakula." Wakaelewa. Kamba zikaachwa, matita yakaanza kuingia, kisha majani, kisha magunia matupu ya pamba. Mayu Nkwimba alitoka ndani akiburuta godoro la zamani la pamba, lile ambalo mimi nilikuwa nimelilalia usiku. "Walisema matandiko?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akalisukumia shimoni.

Serikali alishtuka mwanzoni, akarudi ukutani akipuliza pua. Halafu akaanza kukanyaga. Kila alipokanyaga, rundo lilishindiliwa chini yake, nasi tukaongeza. Mvua ikafika, ile mvua kubwa ya matone mazito, na maji yakaanza kuingia shimoni kama tulivyoogopa. Kifua chake kilipofika usawa wa ukingo akajaribu kuruka, miguu ya mbele ikashika udongo, ya nyuma ikateleza, akaning'inia.

Masunga akaruka ndani. Sikumwona akifikiri. Alikuwa tu shimoni, maji yamemfika magotini, bega lake chini ya paja la mnyama, anasukuma na kupiga kelele za kilimo, zilezile za kumhimiza ng'ombe akivuta jembe. Na juu, Mzee Luhende alikuwa ameangusha fimbo na kushika pembe kwa mikono yote miwili. Serikali akajikunja, akasukuma, akatoka juu ya nchi kavu, ambayo kwa kweli haikuwa kavu tena, akasimama akitikisa ngozi yake kama vile hakuna kilichotokea.

Masunga alipanda kutoka shimoni, tope mpaka kwenye nyusi. Baba na mwana walisimama wakitazamana, mvua inawapiga. Nikaona mzee anaangalia mikono yake.

"Alipanda mwenyewe," Mzee Luhende akasema. Kulikuwa na swali ndani ya maneno hayo, na swali halikuwa langu. "Mimi nilimshika tu asianguke."

Kijana yule mwenye mstari wa kila mtu alifuta tope machoni.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Alipanda mwenyewe."

Jioni, jua lilipozama nyuma ya mawingu kwa kukisia tu, walifunika shimo wote wawili kwa miti. Nililala juu ya magunia. Kesho yake Masunga alihubiri mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kukagua, nami nikampa alama nzuri.

Niliporudi Bariadi nilipitia Lalago, ambako Mwalimu Kabula alikuwa anaishi tangu alipostaafu. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akashika meza, hasa kwa habari ya godoro. Halafu akaniuliza: "Wale kwenye Luka, waliokosa la kujibu. Unadhani walinyamaza kwa sababu walishindwa, au kwa sababu walikubali?"

Sikuwa nimewahi kuliona swali hilo, ingawa mstari niliujua kwa kichwa. Nikaenda nikatafuta zaidi. Nikakuta kwamba kundi jingine la Wayahudi, waliojitenga jangwani kando ya Bahari ya Chumvi, walikataa kabisa mnyama kuinuliwa kutoka shimoni siku hiyo. Kwa hiyo kulikuwa na wale waliosema usimtoe, wale waliosema mlishe au mtandikie, na Yesu aliyesema mvute. Na aliposema "ni nani kwenu", alisema kama mtu anayejua majirani zake wanafanya nini nyumbani kwao. Tangu wakati huo sikufundisha tena ukimya ule kama bao lililofungwa. Nilifundisha kama swali, na mwaka mmoja darasa liligawanyika vibaya mpaka wakaja kula wamechelewa.

Masunga alimaliza, sasa ni mchungaji huko huko Meatu. Mzee Luhende bado anashika Sabato. Nimeambiwa kwamba Jumamosi mchana Masunga hupita kwa baba yake, wanakaa, na siku hizi wana habari nyingine zaidi ya mvua.

Jambo la mwisho lilitokea mwaka wangu wa kustaafu. Masunga alinipigia simu. "Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea, "nimekupatia Myahudi."

Miaka yote ile nilikuwa nimesoma vitabu vyao, na sikuwahi kukutana na hata mmoja wao. Huyu alikuwa mhandisi wa maji, mwanamke wa makamo, amekuja kushauri juu ya malambo ya Meatu, na alikuwa analala Bariadi kabla ya kurudi kwao. Jina lake Yaeli. Nikamwalika nyumbani. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kujibu mtihani wa taifa, nikapanga maswali juu ya ng'ombe aliyeonywa na ng'ombe asiyeonywa. Mke wangu aliandaa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na karanga.

Nikamuuliza swali la kwanza. Akatabasamu kwa huruma.

"Sijui," akasema. "Mimi ni mtu wa maji. Babu yangu angejua. Angeweza kukaa hapa mpaka asubuhi."

Nikaweka maswali yangu kando. Tukala. Alipenda matobolwa. Kisha yeye akaniuliza, akiangalia Biblia iliyokuwa mezani: "Hicho kitabu chenu kinatusema vibaya, sivyo? Sijawahi kukifungua. Nyumbani kwetu hakikufunguliwa."

Ningeweza kumpa hotuba. Ninazo kadhaa. "Kuna mahali kinawasema," nikajibu. "Na kuna mahali watu wamekitumia vibaya kuliko kinavyosema."

Akatafuna polepole. "Nisomee mahali pasipo na ugomvi."

Nikafikiri, na niwaambie ukweli, ilinichukua muda. Mwishowe nikafungua Marko, pale ambapo mwandishi mmoja, mtu wa sheria, anamuuliza Yesu ni amri gani iliyo ya kwanza. Nikawa nasoma na kumtafsiria kwa Kiingereza changu cha darasani. Nikafika kwenye jibu, na jibu linaanza kwa kuwaita Israeli wasikie, ya kwamba Bwana ni mmoja.

Akainua mkono nisite. Kisha akafunika macho yake kwa kiganja, palepale mbele ya sahani ya karanga, akayasema maneno yale kwa Kiebrania. Nilikuwa nimewafundisha vijana matamshi yake kutoka vitabuni. Sikuwa nimeyasikia kutoka kwa mtu aliyeyapokea akiwa mtoto. Mke wangu, aliyekuwa anatoka jikoni na birika, alisimama mlangoni.

"Babu alinifundisha, ya kusema kabla ya kulala," Yaeli akasema, akiondoa mkono. Macho yake yalikuwa na maji kidogo. "Mimi si mtu wa dini. Sikujua kwamba imo humo."

"Imo."

"Na huyo aliyeuliza, alisemaje?"

Nikasoma. "Alisema, umejibu vema, Mwalimu. Akayarudia maneno yale kwa namna yake, akaongeza kwamba hayo yanapita sadaka zote."

"Na yeye akamwambiaje?"

"Akamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu."

"Kwa hiyo walikubaliana."

"Walikubaliana."

"Endelea."

Nikaendelea. Imeandikwa kwamba baada ya hapo hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza neno tena. Mstari huo nimeusoma darasani, mahubirini na mazishini, na kila mara nimeusoma kama mwisho mzuri wa habari.

Yaeli alishangaa. "Kwa nini waliacha?" akauliza. "Walikuwa wamefika mahali pazuri. Kwetu, hapo ndipo mtu angeanza kuuliza."

Mke wangu akajaza vikombe. Yaeli akasogeza sahani, akavuta kiti chake karibu na kitabu, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza wa Kiswahili asichokijua.

"Hapa," akasema. "Rudi hapa mwanzo. Huyu mtu aliyeuliza, alikuwa nani?"